Kapeti limelowa: maji ya mvua yanaingilia wapi ndani ya gari?

Kampala mvua kubwa hupenda kuja alfajiri, ikitokea ziwani. Unasikia mabati yakipigwa, unajifunika vizuri, unalala tena. Asubuhi moja ya namna hiyo niliweka begi la shule la mwanangu chini ya siti ya abiria ya mbele, na tulipofika shuleni lilikuwa linachuruzika. Milango ilikuwa imefungwa usiku kucha, vioo viko juu. Nikabonyeza kapeti kwa kidole, maji yakachomoza kukizunguka kama kwenye sponji la kuoshea vyombo.

Nikafanya wanavyofanya wengi. Fundi wa kwanza alitazama kioo cha mbele, akasema, "Raba imechoka, boss," akakizungushia silikoni, nikalipa shilingi 80,000. Mvua iliyofuata, maji yale yale. Fundi wa pili akapaka silikoni juu ya silikoni. Maji hayakujali. Fundi wa tatu, mzee mmoja wa Ndeeba aliyejifunzia kazi Nakuru, Kenya (ndiyo maana tunaelewana kwa Kiswahili), hata gari hakuligusa kwanza. Alikaa juu ya tairi kuukuu akaanza kuuliza. Maji yananuka? Yananata? Yanaingia gari likiwa limesimama au likitembea? Na unapoegesha nyumbani, pua inatazama mlimani au bondeni?

Nilidhani ananipotezea muda. Kumbe maswali yale manne yalikuwa nusu ya kazi.

Gari si chupa

Wengi wetu tunalichukulia gari kama chupa yenye kizibo. Likivuja, basi kuna tundu mahali, litafutwe lizibwe. Lakini gari halikuundwa hivyo. Limeundwa kukubali maji yaingie sehemu kadhaa, kisha yaongozwe nje kwa mifereji, mirija na vitundu. Ndani ya milango yako maji huingia kila mvua inaponyesha, hata gari likiwa jipya kabisa. Huingia pia chini ya waipa, na kwenye fremu ya sanrufu, kile kioo cha paani kinachofunguka, kama unayo. Yote hayo ni sawa, mradi njia ya kutokea iko wazi.

Kwa hiyo mara nyingi ugonjwa hauko pale maji yanapoingilia. Uko pale yanaposhindwa kutoka. Na hapo ndipo silikoni inapofanya madhara: fundi mwenye haraka anaweza kuziba kitundu kilichowekwa na mtengenezaji kutolea maji, akidhani ameponya.

Jambo la pili ni kwamba maji hayakai yalipoingilia. Yanatambaa juu ya chuma, yanafuata waya, yanashuka ndani ya nguzo ya mlango, yanapita chini ya kapeti mpaka yakute bonde. Katika mji wa vilima kama huu, bonde lenyewe linahama. Anayeegesha Muyenga pua ikitazama mlimani atakuta miguu ya abiria wa nyuma imelowa, kumbe maji yaliingilia mbele. Akigeuza gari wiki ijayo, yatakusanyika mbele, naye atasema gari lina matundu mawili.

Kwanza, je, ni mvua?

Kabla ya kulaumu mawingu, hakikisha. Kiyoyozi kikifanya kazi hukamua unyevu wa hewa kuwa maji, na maji hayo hutoka kwa mrija mdogo unaodondokea chini ya gari. Mrija huo ukiziba, maji yanamwagika ndani, mara nyingi miguuni pa abiria wa mbele. Ni maji safi yasiyo na harufu, na yatakuja hata siku ambayo hakuna tone la mvua, hasa baada ya foleni ndefu huku umewasha baridi.

Kuna na maji ya redieta. Haya yana rangi, yanateleza mkononi, yana harufu ya utamu utamu, na kioo cha mbele kinapata ukungu wenye mafuta mafuta unapowasha hita. Hapo hita yenyewe ndiyo inavuja, na injini inapungukiwa maji. Usiyaonje, ni sumu, na usimwachie mbwa ayalambe.

Na kama jana ulikatiza maji ya mafuriko Bwaise, usitafute uvujaji juu. Sakafu ya gari ina vizibo vya raba kwa chini, na raba za milango zimewekwa kupambana na maji yanayodondoka, si kusimama ndani ya mto. Kagua vile vizibo. Kimoja kikiwa kimeanguka, umepata jibu.

Majani ya mwembe

Mzee alifungua boneti, akachomoa mikono ya waipa, akang'oa kile kifuniko cha plastiki kilicho chini ya kioo. Chini yake kuna mfereji mpana wa bati. Maji yote yanayoteremka kwenye kioo huangukia humo, kisha hutoka kwa matundu mawili, moja kila upande, yakishukia nyuma ya matairi ya mbele.

Mfereji wangu ulikuwa shamba. Majani ya mwembe yaliyooza, maua ya mjakaranda, mbegu mbili zilizokwisha kuota. Nyumbani kwetu gari linalala chini ya mwembe, na kwa miaka mitatu hakuna aliyewahi kutazama humo.

Sasa tazama kilichokuwa kinatokea. Katika mfereji huo huo kuna tundu kubwa linalovutia hewa ya nje kwenda kwenye feni ya dashibodi. Limeinuliwa kidogo ili maji yasilifikie. Magari yetu usukani uko kulia, na feni hiyo kwa kawaida imekaa kushoto, upande wa abiria. Matundu ya kutolea maji yakiziba, mfereji unajaa kama beseni, maji yanapanda mpaka ukingo wa tundu la hewa, yanamwagikia kwenye feni, yanashuka chini ya dashibodi hadi kwenye kapeti. Begi la mwanangu lilikuwa pale pale. Kioo cha mbele hakikuwa na kosa lolote, na mimi nilikuwa nimekilipia mara mbili.

Dalili za uvujaji huu unaweza kuzikagua mwenyewe bila kifaa. Ukiwasha feni unasikia mchuruziko au mlio wa kukoroma. Ukifungua droo ya dashibodi na kuchomoa filta ya hewa iliyo nyuma yake (si kila gari lina filta hiyo, baadhi yana kasha tupu), utaikuta imelowa, ina vipande vya majani. Kisha mwaga jagi la maji juu ya kioo na uchungulie nyuma ya tairi la mbele. Yakitoka haraka, mfereji uko wazi. Yakikawia, toa majani kwa mkono. Usiyasukume chini kwa mpira wa maji, maana yatakwenda kukaa kwenye kona usiyoweza kuifikia.

Vumbi, chaki na mpira wa maji

Si kila gari litakuwa na bahati ya kujieleza kirahisi hivyo. Nchi yetu lakini imetupa msaada mmoja ambao vitabu vya magari vya ulaya havina, nao ni vumbi jekundu. Endesha barabara ya moramu, ile ya udongo isiyo na lami, wakati wa kiangazi, kisha fungua buti na milango utazame vizuri. Gari likitembea, buti hufyonza hewa kutoka nje kupitia nafasi yoyote iliyo wazi. Pale raba inapobana, chuma kinabaki kisafi. Pale isipobana, utaona ulimi wa vumbi umeingia ndani kama alama ya mswaki. Hapo hapo ndipo maji yatapita Aprili. Na kama mvua imekwisha kuanza, vumbi lile lile limegeuka kuwa ramani: tafuta michirizi ya tope jekundu chini ya kapeti, kwenye kuta za shimo la tairi la spea, kando ya nyaya. Fuata mchirizi kwa kupanda, kamwe usiufuate kwa kushuka.

Raba ya mlango unaipima kwa chaki. Saga chaki ya shule, ipake kwenye raba yote, funga mlango taratibu, ufungue. Kwenye chuma utakuta mstari mweupe. Mahali mstari ulipokatika, raba haigusi. Inaweza kuwa imekauka, jambo la kawaida kwa magari tunayonunua hapa yakiwa na umri mkubwa. Tangu 2018 sheria ya Uganda imekataza kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa, lakini hata raba ya miaka kumi imekwisha kupigwa jua la kutosha. Pia inaweza kuwa mlango wenyewe umelegea bawaba au uliwahi kugongwa ukanyooshwa vibaya. Ukibadilisha raba kwenye mlango uliopinda, umetupa fedha.

Kisha kuna mpira wa maji. Hapa mnatakiwa watu wawili: mmoja nje na mpira, mwingine ndani na tochi, mapambo ya plastiki na kapeti vikiwa vimefunguliwa, na gazeti kavu limetandazwa chini ili tone la kwanza lionekane. Anza chini, kwenye kizingiti cha mlango, umwage dakika tano. Hakuna kitu? Panda kwenye vitasa. Halafu kioo. Paa liwe la mwisho. Watu wengi huanza na paa, maji yanateremka kila mahali kwa pamoja, na wanabaki hawajui tundu lililoingiza ni lipi. Maji yatiririke yenyewe kama mvua, bila kubana mdomo wa mpira. Na ile mashine ya shinikizo ya vijana wanaoosha magari isiletwe kabisa kwenye kipimo hiki, maana inaweza kupenyeza maji hata kwenye raba nzima.

Kama maji yana uhaba, kuna njia ya hewa. Funga milango na vioo vyote, washa feni ya dashibodi kwa nguvu zote ikivuta hewa ya nje, kisha pita nje na maji ya sabuni kwenye pembe za vioo, taa za nyuma na maungio ya paa. Panapovuja panatoa povu.

Ndani ya mlango

Telezesha kioo chini, tazama ule ukanda wa raba unaokifuta kwa nje. Unaonekana umebana, lakini mvua ikinyesha maji hupita hapo, yanaanguka ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vilivyo ukingo wa chini kabisa. Kinachoyazuia yasiingie chumbani kwako ni karatasi moja tu ya plastiki, iliyobandikwa nyuma ya pambo la mlango kwa gundi nyeusi inayonata kama ulimbo.

Karatasi hiyo ndiyo kiungo kinachoonewa kuliko vyote kwenye magari ya hapa. Fundi wa redio anaichana aweke spika. Fundi wa alamu anaichana apitishe waya. Mota ya kioo imekufa, fundi umeme anaichana yote na kuitupa, kwa sababu haionekani na mlango unafungika bila hiyo. Miezi inapita, mvua za Machi zinafika, na mwenye gari anaona maji yamelala kizingitini. Nani atakumbuka spika za Desemba?

Tiba yake ni rahisi. Nunua kavera (karatasi ya plastiki) nene, lile la kufunikia saruji, likate kwa kipimo cha mlango. Gundi ya zamani ukiipasha moto kidogo bado inashika; isiposhika tafuta ya butili kwenye maduka ya spea ya Kisekka. Jambo ambalo usilikosee ni ukingo wa chini wa kavera: lazima uingie ndani ya mlango, nyuma ya mwanya wa bati la ndani, ili maji yanayoteremka juu yake yarudi ndani na kutoka kwa vitundu vya chini. Ukiubandika kwa nje, umejenga mfereji wa kuleta maji kwenye kapeti. Na vile vitundu vya chini vizibue kwa kijiti, maana tope huvijaza. Ukitikisa mlango ukasikia maji yakicheza ndani kama kwenye dumu, vimeziba, na kutu imeanza.

Sanrufu, kioo, paa

Wenye Subaru Forester zenye sanrufu wanalijua hili. Kioo cha sanrufu hakizuii maji yote. Fremu yake ni sinia, na pembe zake kwa kawaida zina mirija minne: miwili inashuka ndani ya nguzo za mbele, miwili nyuma. Fungua sanrufu, mimina glasi ya maji kwenye pembe moja, uone kama yanatokea chini ya gari upande ule. Mrija ulioziba usiupige upepo wa kompresa. Ukichomoka kwenye mdomo wake ndani ya nguzo, itabidi dari lote lishushwe. Mimi napendekeza uzi mnene wa nailoni, wa wavuvi, uliochomwa ncha iwe butu. Sukuma polepole. Dari likiwa na doa la chai kwenye pembe, anzia hapa kabla ya yote.

Kioo cha mbele nacho kina hatia yake, hasa kama kimewahi kubadilishwa, na kwa barabara zetu za kokoto ni vingi. Kioo hushikwa na gundi ya uretani. Fundi asiposafisha vizuri, au akiacha kutu chini yake, gundi haishiki. Dawa ni kukikata, kusugua kutu, kupaka praima na kukirudisha, kisha kuliacha gari litulie saa kadri gundi inavyotaka. Silikoni ya dukani, ile inayonuka siki, haifai hapa kwa sababu tatu: tindikali yake inakula chuma, haikai muda mrefu kwenye kioo kinachotikisika, na mahali ilipopita uretani haitashika vizuri mpaka ikwanguliwe yote. Mzee wa Ndeeba alinitoza zaidi kwa kukwangua silikoni ya wenzake kuliko kwa kuzibua mfereji, na sikubisha.

Kwenye paa tazama skrubu za keria. Taxi zetu (matatu kwa Wakenya, daladala kwa Watanzania) hubeba mikungu ya matoke juu, keria linatikisika, tundu la skrubu linapanuka. Tazama pia chini ya ule ukanda mweusi wa plastiki unaopita kando ya paa, ambako mabati yameungana. Gari lililonyooshwa bodi baada ya ajali mara nyingi lina puti ya kusawazishia bati na rangi nzuri hapo, lakini sila, ile dawa ya kuziba maungio, hakuna aliyeipaka.

Nyuma, maji yakiwa kwenye shimo la tairi la spea, washukiwa ni gasketi za taa, taa ya breki ya juu, mrija wa maji ya waipa ya nyuma, na zile pumulio za plastiki, matundu ya kutolea hewa, zilizojificha nyuma ya bampa. Mtu mzima alale ndani na tochi, siti ikiwa imelazwa, wakati wewe unamwaga. Mtoto usimfungie humo.

Kukausha

Hapa ndipo wengi wanapokosea baada ya kufaulu. Kapeti la juu likikauka wanadhani yamekwisha. Chini yake kuna sponji nene linaloweza kushika maji kwa wiki nyingi, na hilo ndilo linalotoa harufu ya soksi na kuweka ukungu kwenye vioo asubuhi. Linabidi litoke. Nililitoa la kwangu, nikalikamua, nikapata karibu nusu ndoo ya maji ya rangi ya chai. Lilikaa juani siku tatu.

Ukitoa siti, ondoa kwanza waya wa betri na usubiri dakika kadhaa, maana chini ya siti huwa na plagi za eabegi (mifuko ya hewa inayofutuka gari likigongwa), na usigeuze ufunguo mpaka urudishe kila kitu. Plagi zenye ukijani zisafishwe, kwani ndizo zitakazowasha taa za dashibodi bila mpangilio mwezi ujao. Na tafadhali, usiwashe sigiri (jiko la makaa) ndani ya gari ili likauke. Moshi wake usioonekana unaua, na makaa hayakaushi sponji bali yanalipika.

Siku ya kujaribu sikungoja mpira. Wingu jeusi lilitanda upande wa Ggaba, nikakaa ndani na tochi, mwanangu ameketi nyuma ananihesabia dakika. Mvua ikapiga. Niliinamisha kichwa chini ya dashibodi: pakavu. Nikachungulia mlangoni, na pale nyuma ya tairi la mbele maji yalikuwa yanatoka mkondo mnene kama bomba la mtaani, yakibeba jani moja la mwembe.